Kizuizi Kisichokuwa na Amri

Vijana wangu wa masjala, siku mliponiaga mlinipa kanga doti mbili, jagi la kuchemshia maji, na swali. Kanga nimeshazivaa, jagi liko jikoni kwangu Mafiga linafanya kazi, swali ndilo nililoondoka nalo bila kulijibu. Aliliuliza Neema, yule aliyeajiriwa mwaka jana: "Mama Hidaya, amri ikija kwenye simu ya bosi, naye akaitupia kwenye kundi letu, tuifungulie jalada au tuiache huko huko kwenye simu?" Watu wakacheka, mshereheshaji akaongeza sauti ya muziki, na mimi nikabaki na jibu mdomoni. Sasa nafasi ninayo. Mstaafu akishamwagilia mchicha wake asubuhi, siku nzima inayobaki ni ya kwake.

Nitajibu kwa kuzunguka, mnivumilie. Vyeo sitavitaja, mishahara ndiyo kabisa. Ofisi nayo siitaji. Aliyefanya kazi Morogoro mjini ataijua kwa korido yake, na asiyeijua hapungukiwi kitu.

Niliingia kazini miaka ile ya foleni za sukari, nikiwa na cheti cha uchapaji na viatu vya kuazima. Nilizaliwa Kilosa, baba alikuwa mtu wa reli, na hapa mjini nilikaa kwa shangazi, Kilakala. Nilidhani nitapewa mashine ya kuchapa. Kumbe mashine ilikuwa moja na mwenyewe alikuwa ameshaikalia, kwa hiyo nikapelekwa mwisho wa korido, chumba chenye rafu mpaka darini na dirisha moja linalotazama mlima. Ndiyo masjala yenyewe: kila karatasi iliyoingia au kutoka ofisini ilipita pale, ikapewa namba, ikaandikwa kwenye rejista, ikafungwa kwenye jalada lake. Ofisi inaweza kukaa mwezi mzima bila mkuu na watu wasijue. Masjala ikifungwa, saa nne hazifiki watu hawajaanza kugombana.

Aliyekisimamia chumba hicho alikuwa Mzee Komba, mtu wa Songea, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, kisha akanisukumia karatasi.

"Soma."

Nikaanza juu: nembo, anwani, yahusu. Akaufunika mstari kwa kidole.

"Barua ya mchumba ndiyo isome kutoka juu, binti. Amri isome kutoka chini."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Chini kabisa kuna sahihi, na chini ya sahihi kuna cheo, kwa sababu wapo wasiokuwa na mamlaka yoyote wanaosaini vizuri kuliko wenye mamlaka. Ukishajua nani, panda utafute tarehe: inaanza lini na inaisha lini. Ukipanda tena utakutana na maneno ambayo watu huyaruka kwa sababu yanachosha, "Kwa mamlaka niliyopewa chini ya kifungu fulani cha sheria fulani." Hapo Mzee Komba alikuwa anasimama muda mrefu.

"Huyu ndiye mama wa amri," aliniambia. "Bunge linatunga sheria. Lakini sheria haiwezi kukimbia huku na huku kusema leo fungeni soko, kesho fungueni. Basi inampa waziri au mkuu ruhusa ya kuamuru mambo hayo, ndani ya uzio wake. Amri ni mtoto. Mama akihama, mtoto habaki kwenye nyumba."

"Hata amri ya Rais?"

"Hata ya Rais. Itazame, nayo imeandikwa kifungu."

"Na isiyokuwa na mama?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Hiyo si amri. Hiyo ni mtu mkubwa amekasirika."

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa zaidi ya miaka arobaini na yamenisaidia kuliko cheti changu cha uchapaji. Alinifundisha pia kwamba waraka hutuambia sisi watumishi jinsi ya kufanya kazi zetu, wala haumhusu muuza vitumbua wa stendi. Agizo la mkutanoni, hata likipigiwa makofi na vigelegele, linabaki kuwa hotuba mpaka mtu aliandike, alisaini, alitafutie kifungu. Nimeona watu wazima wakimfukuza mama na beseni lake kwa kutumia waraka ulioandikiwa makarani. Ukiwauliza kifungu wanakuuliza wewe nani.

Msije mkadhani mzee yule alizichukia amri. Mwaka wangu wa pili kipindupindu kiliingia mjini. Asubuhi daktari alikuja ofisini jasho likimtiririka, saa tano amri ilikuwa imeandikwa: marufuku kuuza vyakula vilivyopikwa na matunda yaliyokatwa kandokando ya barabara, kwa siku ishirini na moja, chini ya sheria ya afya, kifungu kikatajwa. Nilizungusha mashine ya kudurufu mpaka mkono ukafa ganzi, wino umeniingia hadi kwenye nywele. Kabla ya alasiri karatasi zilikuwa ukutani. Mama mmoja wa maandazi alinilaani mimi na kizazi changu, nikamsamehe hapo hapo, maana Bunge lingesubiriwa likae tungekuwa tumezika mtaa. Hiyo ndiyo faida ya amri: inafika leo. Ugonjwa ulipopungua ilifutwa kabla hata ya siku zake kuisha, na Mzee Komba alizunguka mwenyewe kwa miguu kubandua matangazo. Nilimwambia mvua itayabandua. Akasema amri iliyokufa ikiachwa ukutani inaendelea kuuma watu. Nikaona mzee anapenda kujichosha.

Sasa nifike pale ninapoona haya.

Kulikuwa na mwaka wa njaa, na mkuu wetu wa wakati huo alitoa amri kwamba gunia la mazao ya chakula lisitoke milimani bila kibali cha ofisi. Mama wa amri alikuwepo, sababu ilikuwepo, njaa tuliiona kwa macho. Mti wa mkaratusi ukalazwa barabarani chini ya mlima, jiwe likafungwa kwenye ncha moja, mgambo wakawekwa. Sikuwa na neno na amri ile, na mpaka leo sina. Mvua zikarudi, mavuno yakarudi. Kisha serikali yenyewe ikabadilika, biashara ikafunguliwa, sheria ikarekebishwa, mtu akawa huru kupeleka mazao yake anakotaka. Mkuu yule, siku moja kabla ya kuhamishwa, akasaini amri ya kuifuta ile ya kwanza. Ilikuwa na mistari minne tu. Niliipa namba mimi, nikaiandika kwenye rejista kwa mkono wangu.

Ilitakiwa idurufiwe na nakala zipelekwe kizuizini na kwenye vijiji vyote vya mlimani. Karatasi hatukuwa nazo. Miaka ile tulikuwa tunaandika mgongoni mwa barua za zamani, na stensili ya mwisho ya mashine ya kudurufu ilikuwa imeshachanika. Mzee Komba alikuwa amestaafu mwezi mmoja nyuma na kurudi kwao Songea, na mimi ndiye niliyekalia kiti chake, kifua mbele. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika kwa penseli "Isubiri karatasi", nikakibana kwenye barua ile.

Lakini kuna kanuni nyingine, nanyi mnaijua: jalada likifika kurasa mia linafungwa, linafunguliwa jipya, na zile amri zilizo hai zinanakiliwa na kuhamishiwa mwanzoni mwa jalada jipya. Siku hiyo jalada la usafirishaji wa mazao lilikuwa limejaa. Asubuhi amri ya kizuizi ilikuwa hai, nikaihamisha, ikawa ukurasa wa kwanza wa jalada jipya. Mchana ikafutwa, na barua ya kuifuta nikaifunga kwenye jalada la zamani, kwa sababu kumbukumbu namba iliyochapwa juu yake ilikuwa ya jalada la zamani. Jioni jalada hilo likabebwa stoo. Kipande changu cha penseli kikaenda nalo. Kesho yake akaingia mkuu mpya na mahitaji yake, akaitisha majalada arobaini kwa mpigo, na mimi nikaisahau barua ile kama mtu anavyosahau mwavuli mvua ikikatika.

Mkuu mpya akafungua jalada jipya, akakuta ukurasa wa kwanza ni amri ya kizuizi. Akaitekeleza. Nani angemlaumu?

Miaka minne. Kila Jumanne na Ijumaa akina mama walishuka kutoka Uluguru wakapanga foleni nje ya dirisha letu kuomba vibali vya njegere, kabichi na ndizi zao wenyewe. Wengine waliamka alfajiri, wakatembea, wakafika wakaambiwa anayesaini amekwenda semina. Vibali nilikuwa navigonga mhuri mimi, na wakati mwingine niliwafokea wasisukumane. Redioni watu wanasikia biashara ni huru, wakija kwetu wanakuta foleni. Nilikuwa nikiulizwa najibu bila kufikiri: amri ipo.

Ijumaa moja akaingia Mama Zuhura. Mpaka siku hiyo sikuwa namjua kwa jina, nilimjua kwa sura, kama wengine wote wa foleni. Alikuwa mkulima wa njegere kutoka Mgeta, mwanamke wa makamo, miguu ya mpanda mlima, sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Hakukaa kwenye foleni. Aliingia moja kwa moja mpaka mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuiona amri."

"Amri gani mama?"

"Ile niliyoivunja. Juzi nimepita kizuizini sina kibali, mara tatu nimekuja hapa mara tatu nimekikosa, njegere zinakauka. Wamenishika, magunia yangu matano yako pale juani. Jumatatu nasimama mahakamani, wanasema nimekaidi amri halali, ninaweza kufungwa. Sasa mimi nawauliza, iko wapi? Kitu nilichokivunja nikione."

Nilimwambia amri za serikali hazionyeshwi hivi hivi. Akavuta stuli, akakaa.

"Baba yangu aliyakataa matuta ya mzungu, yale ya kulazimishwa kuchimba mlimani. Lakini yale matuta tuliyaona, mwanangu. Yalikuwa mbele ya mlango. Hii yenu mimi sijaiona hata siku moja."

Katika miaka yote ile, hakuna mtu wa foleni aliyewahi kuomba kuiona amri, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumwonyesha. Nikashusha jalada, nikafungua ukurasa wa kwanza, na kwa mazoea nikaanza kusoma kutoka chini. Sahihi, ya mkuu aliyehama. Tarehe, ya mwaka wa njaa. Mwisho wake: "hadi itakapofutwa." Kifungu: cha ile sheria niliyojua kabisa kwamba ilisharekebishwa, maana rekebisho lenyewe nililipokea na kulipa namba mimi. Mama alishahama. Mtoto anafanya nini nyumbani?

Pembeni mwa ukurasa nikaona mwandiko wangu: "Nakala, asili yake jalada la zamani." Nikamwomba Mama Zuhura anisubiri. Nikachukua ufunguo wa stoo.

Jalada la zamani lilikuwa chini ya mafurushi matatu, panya wameshaonja kona. Nikafungua mwisho. Mistari minne, sahihi, mhuri, namba kwa mwandiko wangu, na kipande cha penseli bado kimebanwa pale pale. Nilikaa chini juu ya majalada. Nawaambieni ukweli, wa kwanza kumhurumia hakuwa Mama Zuhura. Nilijihurumia mimi. Miezi ile serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, korido nzima inanong'ona kuhusu orodha, na karani mwenye kosa la miaka minne alikuwa hahitaji kutafutwa kwa tochi. Karatasi ni moja, hakuna nakala, na hapa ofisini hakuna aliyeikumbuka ila mimi. Panya walikuwa wameshaanza, ningewaachia wamalize. Nililiwaza hilo, na si kwa sekunde moja.

Kilichoniinua, nadhani, ni aibu ya mhuri. Nilihesabu Jumanne na Ijumaa za miaka minne, nikafika mahali nikashindwa kuendelea. Nilirudi masjala na jalada kifuani, macho mekundu, nikasimama mbele ya yule mama.

"Mama, amri iliyokushika ilishafutwa. Miaka minne sasa. Barua ya kuifuta ilikuwa stoo, na aliyeipeleka huko ni mimi."

Hakunifokea, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Alilitazama jalada.

"Nisomee."

Nikamsomea mistari yote minne. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipomaliza nikaanza kulia kweli kweli, na yeye akasimama akakaza kanga yake kiunoni.

"Utalia tukishamaliza. Inuka twende kwa mkubwa wako."

Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na ofisini mwoga huleta taabu zaidi kuliko mbaya, kwa sababu mbaya anajulikana. Alimwacha Mama Zuhura nje, akaisoma barua, akanitazama mimi, akafunga mlango mwenyewe.

"Bi Hidaya, hii haikupelekwa popote. Kwa hiyo haijaanza kazi."

"Imeandikwa 'kuanzia leo', Mheshimiwa. Leo ya siku ile."

Akatembea mpaka dirishani na kurudi. "Watu watasema tumewazuia miaka minne bila sababu. Basi tufanye hivi. Tuandike amri nyingine ya kizuizi, tuipe tarehe ya wiki ile ile, siku moja baada ya hii. Itakuwa ilifutwa, ikarudishwa. Wewe utakuwa salama na mimi nitakuwa salama."

Alisema kwa upole, kama anayenipa zawadi. Sitaki kujifanya shujaa. Lakini kuna jambo ambalo mtu wa masjala hulijua hata akiwa usingizini. Nilitoka, nikarudi na rejista ya mwaka ule, nikaifungua mezani kwake kwenye wiki aliyoitaka.

"Mheshimiwa, nionyeshe pa kuiandika."

Kila mstari ulikuwa na barua yake na kila barua ilikuwa na namba yake, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, bila upenyo wa kupitisha hata sindano. Ndiyo maana tunaandika kwa wino na haturuki mstari, vijana wangu. Hatufanyi hivyo kwa sababu ya usafi.

"Tia herufi A pembeni ya namba," akasema.

"Nikitia, hakimu Jumatatu ataniuliza mbona A ina wino mpya. Na hata nikipata pa kuitia, utaiandika chini ya kifungu gani? Sheria ilisharekebishwa, biashara imefunguliwa na serikali yenyewe. Amri hii haina mama, Mheshimiwa."

Sikuamini kama ni mimi ninayesema. Alikaa. Alichukua barua ile ya mistari minne na, nikamwona, akaanza kuisoma upya kutoka chini kwenda juu. Alipofika juu aliiweka mezani taratibu.

"Kwa hiyo watu wangu kule kizuizini wanatumia nini kuwashika wananchi?"

"Mkaratusi, Mheshimiwa."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyebanwa, lakini alicheka, na hapo nikajua tumeshinda. Alinituma nikachape barua tatu. Ya kwanza ilikwenda kizuizini: kiondolewe leo, magunia yaliyozuiwa yarudishwe kwa wenyewe, na ile amri ya kufuta ikaambatishwa. Ya pili aliitaka iwe ya kumwamuru hakimu afute shauri. Nikamkumbusha kwamba hakimu hatumwamuru. Amri yetu inafika kizuizini, ofisini, sokoni, lakini kwenye mlango wa mahakama inavua viatu. Hakimu tunampa taarifa, anaamua mwenyewe. Akaguna, akakubali. Ya tatu ilikuwa ya onyo kali kwangu. Niliichapa mwenyewe kwa kuwa mchapaji alikuwa likizo, na nikampunguzia mkuu aya moja iliyokuwa inarudia kosa lile lile mara mbili. Onyo nililistahili na sikulinung'unikia. Orodha ya kupunguzwa ilipotoka jina langu halikuwemo, na sikwenda kuuliza kwa nini.

La mahakama nilimalize hapa hapa. Jumatatu hakimu alisoma taarifa, akasoma amri ya kufuta, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuwepo. Mama Zuhura alikuwa nje kabla uji wake wa asubuhi haujashuka. Mkuu naye, nimpe haki yake, wiki ile ile aliagiza amri zote za ofisi zishushwe kutoka rafuni tuzisome moja moja. Tulikuta nyingine sita zilizokwisha muda wake zinaendelea kutembea mitaani. Zote zilifutwa, na safari hii nilizunguka mimi kubandua.

Na wewe Neema, jibu lako ni hili. Amri ikija kwenye simu, ichape, itafutie sahihi, tarehe na kifungu, uipe namba, uifungulie jalada. Ukikosa kimojawapo, irudishe kwa aliyeituma umuulize kwa adabu. Halafu mwananchi akija kuomba kuiona, mwonyeshe. Usimwambie ipo.

Sasa nirudi Ijumaa ile, maana bado hatujafika kizuizini. Mkuu alitoa Landrover ya ofisi. Nilikaa mbele na bahasha magotini, nyuma alikaa Mama Zuhura na wenzake watatu waliokuwa kwenye foleni ya vibali, ambao walitoka kwenye foleni hiyo bila kuaga. Njia nzima walikuwa wanazungumza Kiluguru kwa haraka na kucheka, na dereva, ambaye ni wa huko huko, alikuwa anatikisika mabega lakini akakataa kunitafsiria.

Kizuizini tulikuta malori mawili na akina mama wengi wamekaa kwenye majani na mizigo yao. Magunia ya Mama Zuhura yalikuwa juani, mawili yameshakuwa ya kumwaga, matatu bado yanafaa. Mkubwa wa mgambo alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kijeshi isiyokuwa na beji. Aliipokea barua, akaishika mbali na macho, akanirudishia.

"Nisomee wewe, dada. Miwani nimeacha nyumbani."

Nikapanda juu ya jiwe, nikasoma kwa sauti. Nikasoma nani amesaini, tarehe gani, chini ya kifungu gani, kisha maneno yenyewe: kizuizi kimefutwa, mtu yeyote ni huru kupita na mazao yake. Mama mmoja mzee akasema, "Rudia." Nikarudia. Wakaniambia nirudie tena, na mara ya tatu sikufika mwisho kwa sababu vigelegele vilinizidi. Mgambo akanyanyua mabega, akafungua kamba, jiwe likashuka, mti ukainuka na kusimama wima. Malori yakawashwa. Wanaume wakapakia magunia, hata wale mgambo wakashika ncha, na mimi nikawa nalia tena, ila sasa nilikuwa na ruhusa.

Wenzake wakampigia Mama Zuhura kelele apande lori. Hakupanda. Alijaza njegere kwenye tenga dogo, akalitwika kichwani, akatembea katikati ya barabara mpaka pale mti ulipokuwa unalala. Akapita. Alipofika ng'ambo akageuka, akarudi upande wa mlimani. Akageuka tena, akapita tena, polepole, mkono mmoja kiunoni. Alipokuwa anarudi kwa mara ya tatu yule mkubwa wa mgambo akashindwa kuvumilia.

"Mama, mbona hatuelewani? Unakwenda wapi?"

"Siendi popote," akamjibu, bila kusimama. "Napita tu."